x au bei_ya_gunia? Majina ya hesabu na majina ya programu, kwa aliyekwama katikati

Swali hili linanijia kwa sura mbili. Jioni nafundisha tuisheni ya hesabu hapa Kigoma, maeneo ya Mwanga, mchana naandika vijiprogramu vya watu wa biashara, kwa hiyo napata watu wa pande zote. Kuna mwanafunzi wa form three anayejua Python (lugha ya kuandikia programu) kidogo, yeye anauliza, mwalimu kwa nini huku kwenye hesabu ni herufi moja moja tu, x, n, t, si mngeandika jina zima mtu aelewe? Afu kuna kijana katoka chuo, hesabu imemkaa kichwani kweli kweli, ananiletea kodi (naongelea maandishi ya programu, siyo ile ya mapato) imejaa a, b, c, t1, t2, anasema kaka si inafanya kazi, shida iko wapi? Wote wawili nawaelewa, na sikubaliani na wanaosema mtindo mmoja ndo wa kisasa na mwingine umepitwa na wakati. Kila mmoja una sababu zake, na ukishazijua kuchagua hakukusumbui tena.

Tunapima kwa vitu gani

Vinne. Cha kwanza ni umbali, yaani jina linasafiri mpaka wapi kutoka pale lilipozaliwa. Cha pili ni maana, imekaa ndani ya jina lenyewe au kwenye maneno yaliyolizunguka. Cha tatu ni mkono na jicho, unaliandika mara ngapi, kwa kalamu au kwa kibodi, na ukilitupia macho unaona nini haraka. Cha nne, ukikosea nani anakushtua. Hivyo tu, mengine kama urembo wa nafasi na mistari nitayagusa nikipita.

Umbali

Nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi utamkuta mama na magunia yake matatu ya dagaa, amekalia moja, hayana alama yoyote, na ya nini wakati mwenyewe huyo hapo? Sasa magunia hayo hayo yakitaka kupanda treni kwenda Dar, zaidi ya kilomita 1,200, mama huyo huyo anachukua maka peni anaandika ubavuni jina na namba ya simu kwa herufi kubwa, maana kule yatakakoshushwa yeye hayupo na anayeyapokea hamjui.

Herufi ya hesabu ni lile gunia lililokaliwa na mwenyewe. Mstari wa kwanza umeandika "tuseme n ni idadi ya magunia", jibu liko mstari wa saba, ukurasa ule ule, msomaji akisahau anarudisha jicho juu kidogo tu. Swali likiisha n nayo imeisha, swali linalofuata n inakuwa idadi ya wanafunzi na hakuna anayelalamika.

Jina la programu linapanda treni. Linazaliwa mstari wa 12, linatumika mstari wa 340, linatumika tena kwenye faili lingine, na mwakani linafunguliwa na mtu ambaye hajawahi kukuona au na wewe mwenyewe umeshasahau kila kitu. Ndo maana wanaoandika programu wanalipa gharama ya kuandika `idadi_ya_magunia`.

Ila angalia kitu kimoja ambacho vijana wengi hawakioni. Hata kwenye programu, jina likiwa la safari fupi wanaliacha fupi. Lupu, yaani amri ya kurudia kazi, ikiwa ya mistari mitatu inatumia `i` na hakuna mtu anayekuambia andika `namba_ya_mzunguko`. Hiyo i imetoka hesabuni, kwenye vile vinamba vya chini vya matrisi (jedwali la namba), i ni safu ya kulala na j ni ya kusimama. Fortran, lugha ya IBM ya mwaka 1957 ambayo jina lake tu linatokana na kutafsiri fomula, ilichukulia jina lolote linaloanza na herufi I mpaka N ni namba kamili usipotangaza vinginevyo, na jina lenyewe halikuruhusiwa kuzidi herufi sita. Kwa hiyo mitindo hii ni ndugu, mmoja ulikaa nyumbani mwingine ukahama.

Maana imekaa wapi

Kwenye hesabu imekaa sehemu mbili. Ya kwanza ni ule mstari wa "tuseme". Ya pili ni mazoea ya miaka mingi. Mfaransa François Viète mwaka 1591 alitumia irabu kwa kisichojulikana na konsonanti kwa kinachojulikana, afu Descartes mwaka 1637 akaja na mpango tunaoutumia hadi leo, herufi za mwisho x, y, z kwa unachokitafuta, za mwanzo a, b, c kwa ulichopewa. Juu yake yamejengwa mengine, n ni namba kamili, θ ni pembe, ε ni kitu kidogo sana, A kubwa ni matrisi na a ndogo yenye vinamba chini ni kilichomo ndani yake. Pembetatu ikiwa na pembe A, upande unaoitazama ni a. Ukiandika "tuseme ε ni milioni tatu" hujavunja sheria yoyote, lakini kila anayesoma anakwama, kama umemkuta mtu amevaa kanzu anacheza mpira.

Afu kuna sababu ya msingi kabisa ya herufi moja, na hii nikiisema darasani ndo watoto wananyamaza. Kwenye hesabu herufi mbili zikikaa jirani zinazidishana, ab ni a mara b. Sasa chukua neno letu la kila siku, bei. Ukiliandika kwenye fomula kama lilivyo, mtu wa hesabu anasoma b mara e mara i, na ubaya zaidi e ina kazi yake tayari, ni ile 2.718 na kuendelea, na i ni kipeuo cha pili cha −1. Umeandika bei ya dagaa, yeye anaona namba changamano! Majina machache yenye herufi nyingi kama sin, cos na log yameponea kwa kuchapwa wima wakati vigeu, yaani herufi kama x na n, vinachapwa kwa herufi za mlalo, mwandiko ndo unaotofautisha.

Programu imefanya biashara ya kinyume. Imekataa kuzidisha kwa kukaa jirani, lazima uandike kinyota, `2*x`, ukiandika `2x` Python inagoma, na kwa kulipa kinyota hicho ikapata uhuru wa majina marefu. Hapo sasa maana inaingia ndani ya jina, na siyo maana tu, hata kipimo. Mwaka 1999 NASA walipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa namba za msukumo kwa vipimo vya pauni na upande wa pili ukazisoma kama newtoni. Namba tupu haisemi kipimo chake. Hapa kwetu mtu akikuambia "nimenunua nne" lazima uulize nne nini, kilo, sado au ndoo, kwa hiyo mimi siandiki `uzito`, naandika `uzito_kg`, na siandiki `mawese`, naandika `mawese_lita`. Kwenye hesabu kipimo hicho unakiandika pale kwenye tuseme, "tuseme m ni uzito kwa kilo", ukikiacha ni kosa lile lile.

Alama ya usawa nayo inachanganya watu. Ile = aliyoileta Robert Recorde mwaka 1557 inasema vitu viwili ni sawa, basi. Kwenye Python, Java, C na nyingine nyingi = ni amri, chukua cha kulia weka kwenye jina la kushoto, ndo maana `x = x + 1` ni sentensi safi ya programu lakini kwenye daftari la hesabu ni uongo. Kuulizia usawa unaandika mbili, `==`. Mwanafunzi wako akikasirika siku ya kwanza akiona x = x + 1 mpongeze, amesoma kwa makini.

Mkono na jicho

Hapa hesabu inang'ara na watu wa programu wakubali tu. Chukua fomula ya mlinganyo wa kipeo cha pili:

x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a

Nilimpa mwanafunzi wangu mmoja aiandike ubaoni kwa mtindo anaoupenda yeye. Akaanza, `kizidishi_cha_x`, `kizidishi_cha_x_mraba`, `namba_pekee`, akajaza upana wote wa ubao na kwenye kipeuo hajafika. Wenzake wakamuuliza, sasa b² − 4ac iko wapi? Haionekani. Na ile ndo roho ya fomula yenyewe, ikiwa chanya una majibu mawili, sifuri moja, hasi huna jibu kwenye namba halisi. Herufi fupi zinafanya umbo lionekane, na kwenye hesabu kazi kubwa ni kucheza na umbo, unahamisha, unafungua mabano, unafupisha, kitu kile kile unakiandika mara kumi na tano kwa kalamu. Jina refu hapo linaua mkono na linaficha unachokitafuta.

Kwenye programu mstari unauandika mara moja na kibodi inakusaidia, unagonga herufi tatu kihariri kinakumalizia. Baada ya hapo kazi ni kusoma tu, miezi na miezi. Jicho la msomaji wa kodi halitafuti umbo, linatafuta jibu la "hiki ni nini na kimetoka wapi". Ndo maana jamii za lugha zimekubaliana mitindo ili jicho lisichoke. Mwongozo wa Python uitwao PEP 8, wa mwaka 2001, unataka vigeu na fanksheni (vipande vya programu vinavyoitwa kwa jina) viwe na herufi ndogo na vistari vya chini, `bei_ya_gunia`, klasi (aina za vitu unazozitunga mwenyewe) zianze na herufi kubwa, `GuniaLaDagaa`, visivyobadilika viwe vikubwa vyote, `USHURU_WA_GUNIA`, na mstari usizidi herufi 79. Watu wa Java wanapenda mtindo wa ngamia, `beiYaGunia`. Kipi kizuri zaidi? Mi kwa Kiswahili naona vistari vinasomeka vizuri kwa sababu ya hivi viunganishi vyetu vya ya, wa, la, lakini kama uko kwenye Java fuata wenyeji.

Kuhusu herufi zinazofanana, pande zote zinateseka. PEP 8 inakataza kabisa l ndogo, O kubwa na I kubwa kama majina ya herufi moja, kwani kwenye baadhi ya fonti huwezi kuzitofautisha na 1 na 0. Ubaoni nako z inafanana na 2, ndo maana walimu wengi tunaikata kistari tumboni.

Ukikosea nani anakushtua

Kwenye hesabu anakushtua mtu. Mwalimu au mwenzako akiona b imetumika kwa vitu viwili anasimama anauliza, na akikuelewa nia yako anaweza kukusamehe akaendelea. Mashine haikusamehi wala haikuulizi. Ukikosea herufi moja ukaita jina ambalo halipo itagoma na hilo ni afadhali, lakini ukirudia jina lililopo inameza kimya kimya.

Nilijifunza hili kwa mama mdogo. Anapeleka dagaa Dar, nikamwandikia kiprogramu cha faida, na kwa mazoea ya ubaoni nikaandika hivi:

`F = n*b - c`

Magunia 12, bei 300,000, gharama zote 2,900,000, faida 700,000. Safi. Miezi mitatu baadaye akasema mwanangu niongezee na mawese, nikaongeza, na bei ya dumu nayo nikaiita b, juu ya mstari ule wa faida ya dagaa. Programu ikachukua bei ya dumu, 90,000, ikaizidisha na magunia 12 ya dagaa, ikatoa gharama, ikamwandikia hasara ya 1,820,000. Mashine haikulalamika hata kidogo, kwake zote ni namba. Mama mdogo alikaa na daftari lake usiku kucha anatafuta pesa imepotelea wapi, na asubuhi akanipigia sauti imemkauka, mwanangu mbona nimefilisika na sijui? Kile kilichomkesha ni herufi moja niliyoona uvivu kuirefusha. Jina lingekuwa `bei_ya_gunia` na lingine `bei_ya_dumu` kosa hilo lisingewezekana kabisa.

Kitu ambacho ni chetu sisi tunaotaja kwa Kiswahili

Hili sijaona likisemwa sana na linastahili. Waandishi wa programu wana desturi nzuri, orodha inapewa jina la wingi, kimoja ndani yake kinapewa umoja. Kwetu inapendeza sana kwenye ngeli zinazobadilika, `for gunia in magunia`, `for mtumbwi in mitumbwi`, unasoma kama unaongea. Balaa linakuja kwenye maneno yasiyobadilika, samaki, bei, siku, nyumba, kuku. Unaandika `for samaki in samaki` na Python inakubali! Raundi ya kwanza inatoka sawa, samaki wote wanapita, lakini ikiisha jina samaki limebaki na yule wa mwisho tu. Orodha yako ilikuwa dagaa na migebuka, ukiipitia tena chini unaletewa m, i, g, e, b, u, k, a, herufi moja moja, kwa sababu sasa anapitia neno migebuka. Nimeona mtu mzima anahangaika na hilo saa nzima anadhani laptopu ina virusi. Dawa yake ni ndogo, kwa maneno ya ngeli hiyo orodha iite `orodha_ya_samaki` kila siku, hata kama unaona inarefuka. Kwenye hesabu tatizo hili halipo, seti ni S na kilichomo ni s, herufi kubwa na ndogo zinamaliza kazi.

Njia ya katikati

Ipo na watu wa utafiti wanaitumia sana. Lugha kama Julia inakuruhusu kuandika θ au σ kama jina na hata `2x` inaielewa ni kuzidisha, Python 3 nayo inapokea herufi za Kigiriki. Faida yake ni kwamba unaweka karatasi ya fomula pembeni ya skrini na kukagua mstari kwa mstari bila kutafsiri. Hasara ni kibodi, kwenye Julia unaandika \theta unagonga Tab inabadilika, sehemu nyingine utaishia kukopi na kupesti, halafu ν ya Kigiriki na v yetu zinafanana macho na kwa mashine ni majina mawili tofauti. Neno `lambda` kwenye Python limeshachukuliwa na lugha yenyewe, itabidi useme `lam`.

Sasa wewe uko wapi

Uko shuleni na mtihani uko mbele, kaa na mtindo wa hesabu, herufi moja, lakini usiruke mstari wa tuseme na kipimo chake. Hicho ndo kitu cha kuazima kutoka kwa watu wa programu.

Unaandika mistari ishirini ya kukokotoa kitu leo na kesho unafuta, herufi fupi hazina dhambi. Ila ukijikuta unaihifadhi, siku hiyo hiyo rudi ubadilishe majina, usisubiri miezi mitatu kama mimi.

Uko chuo au kituo cha utafiti na programu yako imetoka kwenye fomula ya karatasi, acha herufi kama zilivyo ndani ya fanksheni fupi inayoonekana yote kwenye skrini moja, juu yake andika maelezo kila herufi ni nini na kwa kipimo gani, na mlangoni, pale wengine wanapoiita, weka majina marefu. Ndani gunia limekaliwa na mwenyewe, nje linapanda treni.

Uko kwenye timu, fuata mtindo uliokuta hata kama huupendi, na lugha iwe moja, Kiswahili au Kiingereza, maana faili lenye `price` juu na `bei` chini linazaa vigeu viwili vya kitu kimoja.

Na kama programu ni ya mtu asiyejua kodi kabisa, andika majina marefu, tena kwa maneno yake yeye. Nilipomwandikia upya mama mdogo nilikaa naye sebuleni nikamsomea mstari kwa sauti, `faida = magunia * bei_ya_gunia - gharama`, akanikatisha hapo hapo. Akasema mwanangu hiyo gharama moja inanificha, nauli ya treni inapanda na ushuru haupandi, zitenganishe. Nikazitenganisha, `nauli_ya_treni` na `ushuru`, akavuta kiti akaomba nimsomee mstari unaofuata.